Bastola Fupi au Ndefu

Haya nilisimuliwa na mkaza mwanangu Emma, Jumapili iliyopita, tukikata sukuma wiki. Ijumaa asubuhi alikuwa kwenye basi la Wembley. Mbele yake aliketi Serah wa kanisani kwetu, kando ya mzee mmoja mlinzi aliyetoka zamu ya usiku. Hawakujuana. Kiswahili tu ndicho kilichowakutanisha.

Serah akamweleza kwamba jioni hiyo lazima achague bastola ya upepo ya kulengea shabaha kwenye mashindano ya klabu. Akikosea kuchagua, ataachwa nje ya timu tena, kama mwaka jana. "Ile fupi inanienea mkononi, mzee. Ile ndefu ni kama kubeba kuku wa Krismasi."

"Fupi ni nyepesi, ukipumua tu inacheza," mzee akasema. "Ndefu inatulia. Mimi nilikuwa polisi Nakuru miaka ishirini."

"Na ulikuwa ukilenga nini? Mbuzi?"

Waswahili wote waliobaki ndani ya basi, yaani Emma peke yake, wakacheka.

Mzee hakununa. Akampa chupa yake ya maji. "Nyoosha mkono. Tukifika kituo cha tatu hujatetemeka, chukua ndefu."

Serah akanyoosha. Kituo cha kwanza, sawa. Cha pili akauma mdomo, na abiria wa kando wakajifanya wanatazama nje. Cha tatu, kidole kidogo kikatikisika.

"Mzee, huko ni kutetemeka au siyo?"

Mzee alikuwa ameegemea kioo, amelala fofofo.