Mzee Matonya na Kiti Chake cha Kijani

Aya hii isomwe kimya. Bwana Fundi, Mjerumani wetu, anazungumza Kiswahili cha kuamrisha lakini hakisomi, kwa hiyo naweza kuandika hapa jambo ambalo sijamwambia mtu, hata mama yangu. Kiti atakachokabidhiwa Mzee Matonya leo hakikupakwa rangi na Athuman, kama mnavyoamini. Alikipaka Mzee mwenyewe, na aliyemsukumia bomba la rangi ni mimi. Mwalimu Sila ataanza kusoma kwa sauti aya inayofuata, na atanyamaza atakapofika kwenye mstari nilioupiga.

Mzee Bartolomayo Matonya anastaafu leo, Jumamosi tarehe 27 Juni 1914, baada ya kuitumikia karakana yetu ya useremala kwa miaka kumi na saba. Alianza Mpwapwa, wakati rangi ilipokuwa ikifika kutoka pwani vichwani mwa wapagazi. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kusaga unga wa rangi juu ya jiwe na kuuchanganya na mafuta. Haukupita muda akapewa brashi. Reli ilipofika Dodoma na karakana ikahamia hapa, alihama nayo pamoja na marehemu mkewe, Mama Yudith. Brashi zake alizifunga katika kipande cha kaniki ili nywele zisipinde njiani, na watu wanasema vyombo vya nyumbani havikufungwa kwa uangalifu huo.

Kwa brashi hizo alipaka madawati ya shule, mabenchi ya kanisa, meza za ofisi na vitanda vya wagonjwa. Walioketi juu ya kazi yake ni wengi kuliko wanaomjua. Hakuruhusu dawati la mtoto litoke kabla hajapitisha kiganja chake chini ya ubao kutafuta vibanzi. Sisi wasichana tunaosuka viti kwa kamba alitufundisha kufanya hivyohivyo, na hakutukaripia hata siku moja.

Mwaka 1911 treni ilituletea bomba la kupulizia rangi. Ni pipa la bati lenye mpini wa kusukuma, mpira mrefu, na mdomo mdogo wa shaba unaotoa rangi kama ukungu. Linataka watu wawili, mmoja asukume na mwingine ashike mdomo. Mdomo alipewa Athuman, kijana kutoka Kondoa. Mzee akapewa mpini.

Kusukuma si nguvu peke yake. Ukisukuma kwa pupa, rangi inatema mate. Ukilegea, inadondoka. Mzee alisukuma kwa kuimba wimbo wa Kigogo kwa sauti ya chini, na Athuman alipitisha mdomo juu ya ubao kwa kuufuata wimbo huo. Walifanya kazi uani alfajiri, kabla upepo wa Dodoma haujaamka na vumbi lake.

Siku moja upepo uliwawahi. Walikuwa wakipuliza mabenchi meupe, na ukungu wote ukavuka ua. Baadaye kidogo jirani mmoja mfugaji akasimama mlangoni, ameshika pembe ya mbuzi mweusi ambaye ubavu wake mmoja ulikuwa mweupe.

"Nani amembatiza mbuzi wangu bila kuniuliza?"

Mzee hakuacha hata mpini. "Tumemaliza upande mmoja, ndugu yangu. Mlete kesho tummalizie."

Jirani alitaka kukasirika akashindwa. Siku hizi anasema hajapata kuwa na mbuzi rahisi kumtafuta kama yule.

Sasa bega la kulia la Mzee halipandi tena. Anarudi Buigiri, kwenye shamba la mtama alilolima na Mama Yudith, na nyumba atakayoifungua ni tupu. Mzee wetu, karakana inakushukuru kwa kila ubao uliopita mikononi mwako. Tunakuombea afya, mvua ya kutosha, na majirani watakaokuita wakati wa chakula.

____________

Mwalimu, hapa nyamaza, tafadhali.

Kila anayestaafu hapa hupewa kiti kilichotengenezwa na wenzake. Cha Mzee kilishaungwa na kupigwa msasa, kilibaki kupakwa rangi. Juzi alfajiri nilifika mapema kufagia ua, nikamkuta Mzee amesimama peke yake mbele ya kiti, mdomo wa shaba mkononi.

Nilimwamkia. Aliitikia bila kugeuka. "Raheli, unaweza kusukuma?"

"Babu, Bwana akitukuta?"

"Bwana bado amelala. Miaka mitatu nasukuma, rangi inapita mbele yangu kama mgeni asiyenisalimu. Bwana alisema mkono wangu unatetemeka. Mimi nasema alinionea. Kiti changu nitakipaka mwenyewe, tuone."

Nikashika mpini. Nilijaribu kuimba wimbo wake, nikakosea maneno, basi akaimba yeye. Mgongo wa kiti ulitoka vizuri, kijani safi, na nilifurahi nikasukuma kwa bidii. Mdomo ulipofika pale pa kuegemeza mkono, ukaanza kucheza. Rangi ikajaa mahali pamoja, ikakosa pengine, ikateremka kwa michirizi hadi kwenye miguu ya kiti. Akauhamishia mdomo mkono wa kushoto. Nao ukatetemeka. Akaushika kwa mikono yote miwili, ikawa mbaya zaidi. Wimbo ukakatika, nami nikaacha kusukuma.

Aliuweka mdomo chini.

"Kumbe alisema kweli," akasema.

Nilimwambia pole, Babu. Miaka mitatu aliamini kwamba amedhulumiwa, na imani hiyo ndiyo iliyokuwa ikimwamsha kila asubuhi aje asukume mpini. Pale uani niliona ikimtoka. Afadhali ningekataa kusukuma, au labda sivyo. Mpaka sasa sijui.

Athuman akaingia, ametoka kuswali. Alimtazama Mzee, akakitazama kiti.

"Eh, Mzee! Umekipaka huku unacheza ngoma?"

Mzee akacheka kidogo, kicheko kisichofika mbali. "Kifute, mwanangu. Kipake vizuri, watu watakiona."

Rangi ilikuwa mbichi bado, na kitambaa Athuman alikwisha kukishika. Alisimama nacho. Kisha akakirudisha kwenye ndoo.

"Sikifuti. Vyangu ni vingi, Mzee. Hiki acha kiwe chako."

"Utachekwa wewe."

"Kondoa ni mbali. Kicheko hakitafika kwa mama yangu."

Bwana Fundi alipotoka alikizunguka kiti mara moja tu. "Nani fanya hii?"

"Mimi, Bwana," Athuman akajibu. "Ni upepo."

Hapakuwa na upepo. Hata vumbi lilikuwa limelala. Bwana alimwita mjinga mbele yetu sote, akamnyang'anya mdomo wa shaba, akamweka kwenye mpini. Mtu mmoja aliuliza kama kiti kipakwe upya. Bwana akasema, "Kwa mzee inatosha," akaenda kunywa kahawa yake. Mzee Matonya alikuwa amesimama karibu, na alisikia.

Ndiyo maana tangu juzi mnamwona Athuman akisukuma, na baadhi yenu mmekuwa mkimtania kwamba amesahau kazi. Msimtanie tena. Athuman, ukifika hapa, asante.

Leo kiti kitakapotolewa mtaiona michirizi. Mzee atakikalia mbele yenu na pengine ataificha mikono yake ndani ya koti. Mpigieni makofi kama mlivyokusudia, yasipungue. Nami namwombea huko Buigiri apate asubuhi ambazo hana haja ya kumthibitishia mtu jambo lolote.

Karatasi hizi nimezinakili mwenyewe. Msiziache kwenye mabenchi. Zikunjeni mwende nazo nyumbani, na mtu yeyote akiwauliza ni nani aliyekipaka rangi kiti cha Mzee Matonya, tafadhali semeni ni Athuman.