Zarbat wa Shingay na Helikopta Zilizokwenda Iraki

Wasikilizaji wapendwa, nawasalimu kutoka hapa Khost. Leo tunamkumbuka Zarbat Mangal, mkuu wa kituo cha mpakani Shingay. Juzi tulimzika hapa mjini. Kwao Shingay hatukuthubutu kumpeleka, maana wenye silaha wameshika njia.

Wengi mlimjua kwa mizaha yake na mguu wake mmoja. Wa pili aliupoteza mwaka 2003. Sikilizeni ilivyokuwa.

Taliban walipokimbia, Zarbat na Wamarekani walikaa kilima kimoja. Wenye silaha waliokimbia walikuwa ng'ambo ya mpaka. Wakijaribu kuvuka, helikopta ziliwarudisha. Mwaka huo vita vya Iraki vikaanza, na kapteni Mmarekani akaja kuaga. Zarbat akammiminia chai.

"Iraki kuna nani?"

"Ni amri, Zarbat."

"Waliowaua watu wenu wako nyuma ya mlima huu. Ukikohoa wanakusikia. Halafu unakwenda kuwatafuta Iraki?"

"Hapa kumetulia."

"Kumetulia kwa sababu mpo."

Wakaondoka. Narudia, wasikilizaji: wakaondoka na helikopta zao.

Wakati wa kuvuna ngano, asubuhi, wenye silaha walishuka. Watu walikuwa mashambani. Zarbat akaita kwa redio ya upepo, akaomba helikopta. Akaambiwa asubiri. Akaita tena. Asubiri. Risasi zilikuwa zimeanza kuchimba ukuta wa kituo. Akawaamuru askari wake wawatoe wanawake na watoto kwa njia ya mtoni. Yeye akabaki juu ya paa na bunduki.

Mkewe, Torpekai, alinisimulia: "Nilimwambia, baba Wazir, shuka twende. Akasema, ondoka hapa, hiyo shela yako nyekundu inawaonyesha pa kulenga. Nikamtukana. Nikaondoka."

Watu wa bonde walipona. Zarbat alipigwa kombora, mguu ukaenda. Askari wawili walirudi wakambeba. Helikopta haikuja.

Tangu siku hiyo alisema jambo moja: vita vya Iraki viliwageuza Wamarekani macho, wakamwacha adui aliyekuwa karibu kwisha. Torpekai hakukubali. Walibishana kila walipokaa kula.

"Wageni wangeondoka tu, leo au kesho," aliniambia. "Na waliovuka mpaka, nani aliwapa mkate na pa kulala? Ni watu wetu. Hilo baba Wazir hakupenda kulisikia."

Wiki iliyopita, kitandani, Zarbat alimjibu kwa mara ya mwisho: "Sawa, mama Wazir. Huenda wangeondoka. Lakini asubuhi ile wangekuwepo." Kisha akaomba ageuzwe ubavu.

Mama Wazir, wewe na wanao, poleni sana. Mungu amlaze Zarbat mahali pema. Nanyi mnaotusikiliza, jioni hii mkikaa kula, ulizaneni waliotazama Iraki walituacha na nani. Mkishamaliza kuwalaumu, ulizaneni na lile la Torpekai, hata kama aliyewapa mkate wenye silaha amekaa nanyi hapo mkekani.