Vidude Vinavyolala Zamu

Benchi letu liko mbele ya kibanda cha kahawa cha Lucy Naliaka, upande ule wa Kitengela ambako nyumba za kupanga zinakwisha na maboma yanaanza. Asubuhi hiyo Joseph Parmuat, tunayemwita Chairman ingawa hakuna kamati iliyomchagua, alikuja na sururu. Usiku simba alikuwa amemwulia kondoo dume wake wa pekee, na vile vidude vya mradi wa kulinda mifugo, vilivyofungwa kwenye vigingi kuzunguka malisho ili vihisi nyayo na kutoa onyo, havikumwamsha. Alikuwa njiani kwenda kuving'oa.

— Sopa, Chairman. Pole sana, — akamsalimu kwa Kimaasai Felix Ochola, fundi wa redio, tunayemwita Waya.

— Pole ya nini? Askari anayelala ni askari? Yule msichana wa mradi alisema kwa mdomo wake: vinalala!

— Vinalala ndio betri isiishe, mzee. Lakini si vyote pamoja. Hiki kikilala, jirani yake anaamka, anasikiza kidogo. Akisikia nyayo anaamsha wa mbele, naye anaamsha mwingine, mpaka onyo lifike.

— Uongo, — akasema Stephen Kimeu, karani mstaafu wa korti, jina la benchi Shahidi. — Hivyo vinahesabu ng'ombe. Kuna mtu anataka kujua nani tajiri.

— Ni wanunuzi wa mashamba! — akasema Chairman. — Simba akimaliza kondoo, utauza tu.

— Na huyo simba amefundishwa, — akaongeza Shahidi. Anajua zamu zao, anapitia kwa kile kimelala. Wazee walisema, aliyelala usimwamshe, ukimwamsha utalala wewe.

— Sasa hiyo methali inaingia wapi, Shahidi? — akauliza Waya.

— Inaingia tu. Methali haibishi hodi.

Parmuat akainua sururu begani. Kakenya, mke wa mdogo wake, alikuwa amemletea Lucy maziwa na hakuwa ameketi.

— Shemeji, hilo onyo likifika mwisho, linaingia wapi?

— Kwa simu yangu.

— Na jana ilikuwa imewashwa?

— Nilizima. Stima ilikuwa imepotea, nikahifadhi chaji.

— Sawa. Vidude viko na zamu. Simu yako ikilala, zamu ni ya nani?

Parmuat akatuangalia mmoja mmoja. Sote tuna simu, lakini onyo linafika kwa yake tu. Sote tukatazama vikombe.