Soumaya, Ndege wa Mpunga na Sheria ya Watoto

Mgeni rasmi, Madamu Ingrid, mshauri wa mambo ya kazi, nanyi majirani mliofika na matope miguuni: amahoro, na salamu aleikum.

KARIBU BUTERERE

Umeacha lami ya Rohero, kule mjini, ukaja huku kwetu, na viatu vyako vimeshajua ulikofika. Ahsante. Sisi ni familia zinazolima mpunga, kila moja na kipande chake nyuma ya nyumba.

TULIKOTOKA

Tangu zamani, mpunga ukianza kukomaa, watoto wakitoka masomoni hushika makopo na kwenda kufukuza ndege. Sisi hatukuiita kazi. Wao waliigeuza mchezo, hasa tukiwapa kisogo.

YALIYOMPATA MWENZETU

Msimu uliopita mnunuzi wetu alitangaza kwamba, kwa kufuata sheria ya kazi za watoto, hataki mpunga uliofanyiwa kazi na watoto. Mkaguzi wake alipokuja, alimkuta Sijaona, mwenzetu huyu aliyeketi mbele, yuko shambani na binti yake Soumaya, wa miaka kumi na miwili. Mtoto anagonga kopo kwa nguvu zote.

"Huyu ni nani?" mkaguzi akauliza.

Sijaona akashikwa na woga. "Ni mugeni tu. Amepita kusalimia."

Soumaya akamgeukia. "Mama! Mi ni mugeni?"

Sijaona alitamani ardhi ipasuke aingie. Akamgeukia mkaguzi. "Apana, bwana. Nimekudanganya. Ni mutoto wangu, nimemuzaa mwenyewe."

Mkaguzi alitabasamu, akamshukuru kwa kusema kweli, kisha akaukataa mpunga wake. Sijaona aliuuza kwa vikombe sokoni Nyakabiga, juani. Alituambia kwamba kumkosa mnunuzi hakukumuuma kama yale macho ya binti yake.

TULICHOFANYA

Tulinung'unika, halafu watu wazima tukapeana zamu za kufukuza ndege. Mzee Radjabu, fundi magari mstaafu, alipiga kelele hadi sauti ikakauka. Ndege wakahamia kwa jirani, na jirani akahamia kwetu na matusi yake.

Hata hivyo, tuseme kweli. Mtoto wa mwenzetu Cirimwami alikuwa anakosa masomo kila wakati wa kupandikiza, nasi sote tulinyamaza. Mwaka huu hajakosa. Kwa hilo sheria imetushinda, na tumefurahi kushindwa.

TUNAYOOMBA

Tunaomba nyavu za kuzuia ndege. Tunaomba pia wakaguzi wampambanue mtoto aliyeachishwa masomo na yule anayemsaidia mzazi kidogo jioni. Mipaka ielezwe kwa lugha tunayoielewa, tuifuate bila kumficha mtu.

Tulipokuwa tunaandika risala hii, tulimuuliza Soumaya naye anaomba nini. Alifikiri kidogo, akasema: "Mi nataka kumusaidia mama. Na nataka kucheza. Muandike zote mbili."

Tumeyaandika yote mawili.

Mungu akufikishe nyumbani salama, na sauti zetu zikufuate hadi ofisini.

Ni sisi,
Familia za Wakulima wa Mpunga, Buterere.
Imesomwa na Khadidja kwa niaba ya wote.