Daftari la Saa Nne

Ndugu waombolezaji, kabla hatujamsindikiza dada yetu, mliyemzoea kwa jina la Dada Tiki, familia imemwomba kaka yake mkubwa, mwalimu mstaafu wa hesabu, asome historia yake, naye ameomba aisome yote, pamoja na sehemu inayomhusu yeye mwenyewe.

Marehemu alizaliwa Jumatano tarehe 14 Machi 1956, katika chumba cha kupanga nyuma ya kiwanda cha matofali, akiwa mtoto wa nne na wa mwisho, akasoma shule ya msingi kuanzia 1964 hadi 1970 na sekondari hadi 1974, kisha tarehe 2 Februari 1976 akaajiriwa kiwanda cha nguo kuwa karani wa mahudhurio, akikaa getini na kutia tiki majina ya wafanyakazi mia sita, na aliyechelewa hata dakika tano hakusalimika.

Tarehe 8 Desemba 1979 alifunga ndoa na fundi seremala, aliyemtangulia tarehe 19 Juni 2004, nao walijaliwa watoto wawili, wa kwanza akafariki akiwa na miezi saba, wa pili ni huyu binti aliyeketi mbele yenu, muuguzi, aliyesafiri siku mbili kufika hapa.

Kiwanda kilipofungwa, alikabidhiwa usimamizi wa kituo chetu cha jamii tarehe 4 Januari 1999, akaja na desturi yake ya daftari, kwamba kila anayeishi peke yake afike kwa kikombe cha chai na kutia tiki mbele ya jina lake kabla ya saa nne asubuhi, na asiyefika alifuatwa mlangoni. Watu walinung'unika, "Dada, hata kulala tulale kwa kibali chako?" naye akawajibu, "Lala, baba, ila tia tiki kwanza." Kwa miaka ishirini na mitatu na nusu aliwakuta watu kumi na saba wameanguka majumbani mwao, kumi na wanne wakapona, na wa tisa kati ya hao waliopona, tarehe 3 Agosti 2011, ni huyu anayewasomea.

Jumamosi tarehe 14 Mei 2022 kaka yake, akiwa katibu wa kamati ya kituo, alileta mkutanoni jedwali lililoonyesha kuwa ukumbi hutumika saa kumi na tisa tu kati ya saa 168 za wiki, jedwali lisilo na safu ya hodi zilizobishwa, kwa kuwa hodi hazibishwi ndani ya ukumbi. Marehemu alisimama akauliza swali moja tu, nani atajua kwamba mtu hajaamka, akajibiwa kuwa siku hizi kila mtu ana simu, watu wakacheka, kura za kukifunga kituo zikawa 41 kwa 38, na tarehe 30 Juni kikageuzwa ghala la saruji.

Asubuhi ya Jumatatu tarehe 9 Septemba 2024 marehemu alipatwa na kiharusi akiwa jikoni, simu ikiwa mezani chumbani, binti yake akapiga mara tano akadhani ni mtandao, naye kaka yake, anayeishi hatua 240 kutoka hapo, alizozipima baadaye, hakupita. Alikutwa Jumatano saa kumi jioni, baada ya takriban saa hamsini na saba, akafariki hospitalini Jumapili tarehe 15 Septemba, akiwa na umri wa miaka 68, miezi sita na siku moja.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhangaikia kwa siku nne, wafanyakazi wenzake wa zamani wa kiwandani, na jirani yake fundi cherehani, aliyeona nguo hazijaanuliwa siku ya tatu akavunja mlango. Inawashukuru pia ninyi nyote, kwani hadi saa nne asubuhi ya leo mlikuwa mmetia saini daftari la rambirambi watu 312, na Jumatatu ile angetosha mmoja.

Pumzika kwa amani, Dada Tiki, tumefika wote, tumechelewa.