Mkunjo wa Mkanda wa Kushoto

Benchi la mbele ya duka la mikate pale Castlemaine, Australia, lina nafasi ya watu watatu, na kila Jumamosi asubuhi watatu hao ni walewale. Kuna Mfupi, ambaye akisimama kichwa kinagonga kibao cha duka. Kuna Nyundo, aliyenyoosha mabodi ya magari miaka arobaini na sasa sikio lake la kushoto limekufa. Na kuna Rula, hakimu wa klabu ya magari ya zamani, anayetembea na rula ya chuma kwenye mfuko wa shati hata akienda mazikoni. Jumamosi hiyo, siku moja kabla ya maonyesho, Coral Tregenza aliegesha mbele yao gari la marehemu baba yake, Holden ya mwaka 1967, akafungua mlango wa kushoto, akasimama pembeni akijifanya anatafuta funguo. Funguo zilikuwa mkononi mwake.

— Haya, njooni muone mikanda ya viti, alisema.

— Gari lote hili, tuone mikanda? Mfupi akauliza.

— Injini kila mtu ana injini, bwana. Mikanda ya kiwandani nani anayo?

Miezi saba alikuwa kwenye mikanda hiyo miwili. Aliiloweka kwa sabuni ya kufulia sufu, akaisuuza mara tisa. Alifumua lebo iliyoandikwa Machi 1967, akaishona tena kwa kupitisha sindano katika matundu yaleyale. Mkaguzi wa magari aliivuta, akaikunja, akaimulika kwa tochi, akaipitisha. Banda la baba lilikuwa giza miaka yote; jua halikuwahi kuila.

Rula alipiga magoti. Alihesabu mishono ya lebo.

— Kumi na...

— Moja, Coral alimalizia. Pande zote mbili.

— Na uzi huu umeutoa wapi?

— Kwa fundi mahema wa Bendigo. Alikuwa na kibunda kimoja cha zamani. Nimemng'ang'ania mpaka mkewe akamwambia anipe tu niondoke.

— Dah! Dada, hii kazi, Nyundo alisema. Na Nyundo huwa hasifu kitu ambacho hakikugongwa.

Coral alijisikia amerefuka. Kombe la Uasilia, la gari lililobaki zaidi kama lilivyotoka kiwandani, lilikuwa limekwenda kwa jamaa wa Ballarat miaka mitatu mfululizo, na sasa aliliona likikaa juu ya kabati la mama yake, Bi Enid, pale nyumba ya wazee, kando ya picha ya baba.

Ndipo rula ikasimama katikati ya mkanda wa kushoto.

— Hiki nini?

— Mkunjo.

— Nauona ni mkunjo. Mkanda umebanwa kiuno kabisa hapa kwenye kifungio cha kurekebishia urefu. Pointi mbili hizo, Coral. Ukizikosa mbili, kombe linarudi Ballarat. Nenda nyumbani, weka kitambaa chenye maji, piga pasi taratibu. Kesho mimi sijaona kitu.

— Asipige! Nyundo alidakia. Mkunjo huo wa kiwandani. Walikuwa wanaitundika mikanda kwenye misumari.

— Misumari gani, we kiziwi? Mfupi alisema. Baba yake Coral alikuwa anafunga hapo pipa la bia. Namkumbuka. Yeye huku, pipa kule, kama bibi harusi.

— Pipa halikai kitini. Alikuwa kondoo!

— Kondoo?

— Dume. Lililoshinda zawadi kule Maryborough. Lilirudi nyumbani limekaa mbele, limefunga mkanda.

— Na bila shaka lilikuwa linasoma ramani.

— Ramani hapana. Ila honi lilipiga, mbele ya baa, watu wakatoka na glasi zao.

— Nyundo, wewe ulikuwepo?

— Nilikuwa upande wa sikio zima!

Coral alicheka mpaka akashika mlango.

— Acheni uongo. Kondoo ni mimi. Baba alikaza mkanda kwa kipimo changu nikiwa na miaka mitano, na haukuguswa tena. Mwaka wa sabini na nne aliponunua gari jingine akaliingiza hili bandani. Nilikuwa na kumi na mbili, mwembamba kama fimbo ya biliadi. Miaka saba kiti cha mbele ni changu. Malkia, bwana! Watoto wote wa shule walinionea wivu.

— Basi malkia apige pasi, Rula alisema.

Hapo akatoka Lagi, mama wa Kisamoa aliyeanza kazi dukani wiki hiyo, na vikombe vinne vya kahawa kwenye trei. Aliinama akachungulia ndani ya gari, mbele, kisha nyuma.

— Zuri jamani. Nyuma hakuna mikanda?

— Enzi hizo ilikuwa miwili tu, Rula alimweleza. Ya mbele.

— Aa. Baba kwenye usukani, dada hapa. Lagi aligawa vikombe. Na mama yenu alikuwa anakaa wapi?

Mfupi alimtazama Nyundo. Nyundo akamgeuzia sikio lililokufa. Rula akanywa kahawa, nayo ilikuwa ya moto.

Coral alikuwa anaitazama sehemu ya juu ya kiti cha mbele. Aliiona mikono ya mama yake, kila gari lilipokata kona, ikishika pale kutoka nyuma, pete imekaza kidoleni. Siku zote alidhani alimshinda mama yake kugombea kile kiti. Alikuwa hata akimcheka.

Aliweka kikombe juu ya lami. Akashika kifungio kwa mkono mmoja na mkanda kwa mwingine. Kilikuwa kigumu, kilikaa mahali pamoja zaidi ya nusu karne.

— We! We! Rula aliruka. Ukikisogeza, hakitarudi palepale! Na mkunjo utabaki wazi kabisa!

Kifungio kilitoa mlio, kikasogea, mkanda ukarefuka. Vidole vinne. Coral alifikiri, akaongeza kimoja. Bi Enid amesinyaa siku hizi, lakini kesho atavaa koti.

— Si alikuwa anakuja na basi la wazee? Mfupi aliuliza.

— Hapandi basi.

Rula alitazama mkunjo ukiwa nje peupe, kisha akaitazama rula yake.

— Na pointi mbili?

— Andika, Coral alisema. Kama kuna mahali pa maelezo, andika na mtu aliyekaa nyuma.