Azniv Bezdikian na Migongo ya Picha

Marehemu Azniv Bezdikian, kwao Panosian, alizaliwa siku ya Jumapili, tarehe 15 Septemba 1935, katika kijiji cha Bitias, kwenye mlima wa Musa Dagh, akiwa mtoto wa tatu wa Bwana Boghos na Bi Shushan Panosian. Ilikuwa sikukuu ya Msalaba, na masufuria ya harisa, lile bokoboko la ngano na nyama, yalikuwa yamekesha motoni uwanjani mwa kanisa. Mama yake alikuwa bado ameshika mwiko uchungu ulipomshika yeye. Wanawake wa Bitias wakasema mtoto huyo hatakuwa na njaa wala subira. Kwa njaa walikosea, maana miaka ya mwanzo ya uhamishoni Anjar kila mtu aliionja. Kwa subira walipatia, ila kwa muda tu.

Alikuwa hajatimiza miaka minne, mwaka 1939, familia yake ilipohama pamoja na kijiji kizima, mlima ulipokabidhiwa Uturuki, na kufika Anjar, Bonde la Bekaa, Lebanon. Alisoma shule ya Kiarmenia ya hapo hapo hadi mwaka 1949. Alikuwa na mwandiko mzuri na sauti kavu ya kusomea, na kasisi wa zamani alikuwa akimsimamisha asome masomo ya Pasaka hata kabla miguu yake haijafika sakafuni akikaa kitini. Kituruki hakukijua. Shuleni siku zile lugha hiyo ilikatazwa, na nyumbani kwao walisema lahaja ya mlimani, kwa hiyo alikua bila kuweza hata kuomba maji kwa Kituruki.

Mwaka 1952 alihamia Burj Hammud, kando ya Beirut, kwa shangazi yake na kuanza kazi ya kushona matundu ya vifungo. Kazi ilitoka kwa mafundi wa suti wa mtaani, na mmoja wao alikuwa Nazaret Bezdikian, kijana mpole wa ukoo wa mji wa Aintab, Uturuki, ambaye makoti yake yalianza kurudi yakiwa yamekwisha kushonwa.

“Fundi, hili si lile la jana?” Azniv alimwuliza siku moja.

“Ndilo.”

“Lina kasoro gani?”

“Halina kasoro. Mwenye kasoro ni mimi.”

Shangazi alicheka hadi akamwaga kahawa. Walifunga ndoa Jumapili tarehe 28 Aprili 1957, katika kanisa la mtaa wa Nor Marash, na Azniv akahamia nyumbani kwa mavyaa wake, Bi Makruhi Bezdikian, mjane.

Bi Makruhi alikuwa mwanamke wa maneno machache na macho makali. Aliondoka Aintab akiwa msichana mdogo, na mali yote iliyobaki ya kwao ilikuwa ndani ya kopo la halua: picha na barua. Barua nyingi zilitoka kwa dada yake Osanna, aliyekuwa akiishi Halab, Syria. Mwaka 1958 Osanna akafariki, na Bi Makruhi akapanda gari kwenda kumzika.

Bi harusi akabaki nyumbani na huzuni ya mavyaa wake, na akataka kumfanyia jambo. Alichukua dukani kitabu kikubwa cha sampuli za vitambaa vya suti, akabandua vitambaa vyote, akapika wanga ule ule wa kukazia kola, akalifungua kopo la halua na kuanza kubandika. Alibandika kila picha imenyooka na kila barua imekunjuliwa. Alipomaliza alifuta meza, akaweka kitabu katikati na kikombe cha maua pembeni, akasubiri sifa zake.

Bi Makruhi alirudi na nguo nyeusi. Akakaa, akafungua ukurasa wa kwanza, wa pili, wa tatu. Kisha akajaribu kuinua ukingo wa picha kwa ukucha. Haukuinuka.

“Migongo iko wapi?”

“Migongo gani, Mama?”

“Ya picha! Majina yako mgongoni. Na barua hizi zimeandikwa pande mbili, mwanangu. Pande mbili!”

Nazaret, aliyekuwa mlangoni, alikumbuka ghafla kwamba ana suti ya kupiga pasi.

“Enzi za mama yangu,” Bi Makruhi alisema polepole, “mkwe alikaa mwaka mzima bila kufungua mdomo mbele ya mavyaa wake. Wewe umefanya kinyume. Umenifunga mimi mdomo, na watu wangu wote.”

Azniv alilia siku mbili. Siku ya tatu aliacha, akaweka birika motoni.

Wanga wa fundi suti si gundi ya mtoto wa shule. Ulitaka mvuke, kitambaa chenye unyevu upande wa pili wa ukurasa, kisu butu cha siagi, na ile subira ambayo wanawake wa Bitias walisema hataipata. Barua ya kwanza kufunguliwa ilikuwa ya kaka yake Bi Makruhi, kutoka Marseille. Iliandikwa kwa wino. Mvuke ulipoifikia, maneno yote yakageuka maji ya buluu yakatiririka mezani, na wanawake wawili wakayatazama yakienda. Tangu siku hiyo ikawa sheria nyumbani kwa Bezdikian: kilichoandikwa kwa wino kisiguswe, na chochote kitakachoandikwa kuanzia leo kiandikwe kwa penseli. Penseli haiogopi mvuke.

Kwa bahati nzuri Osanna aliandika kwa penseli maisha yake yote. Lakini hapo likazuka jambo jingine. Barua zake zilikuwa za Kituruki kilichoandikwa kwa herufi za Kiarmenia, kama walivyoandikiana watu wengi wa Aintab. Bi Makruhi alikijua Kituruki vizuri, ila hakujaliwa kwenda shule. Azniv alizijua herufi zote, ila hakuelewa neno hata moja. Wakaketi pamoja mezani. Mmoja alisoma bila kuelewa, na mwingine alielewa bila kusoma, na barua ikapita katikati yao.

“Rudia hapo,” Bi Makruhi alikuwa akisema. “Ulivyotamka, dada yangu ameolewa na mbuzi.”

“Ndivyo ilivyoandikwa, Mama.”

“Basi vuta pumzi mahali pengine.”

Azniv alivuta pumzi mahali pengine, na mbuzi akageuka kuwa mfua shaba. Walicheka sana siku hiyo. Nazaret aliwaambia wateja dukani kwamba ndiyo mara ya kwanza kumsikia mama yake akicheka kwa sauti tangu baba yake afariki. Kila majira ya baridi, jiko la mafuta likiwashwa, walifungua kurasa chache, hawakuharakisha.

Barua moja ilimkaa Bi Makruhi rohoni kuliko zote. Ilikuwa ya mwisho kutoka kwa Osanna, na sehemu iliyoonekana iliishia hivi: “Zile biringanya kavu ulizotutumia zilikuwa...” Neno lililofuata lilikuwa chini ya wanga. Bi Makruhi alikuwa amezikausha mwenyewe darini, akazitunga kwenye uzi kama walivyofanya Aintab, akazituma Halab. Barua ilipofika mtoto wa jirani alimsomea haraka haraka, naye hakushika neno. Sasa Osanna hayupo, na hakuna wa kuulizwa. “Zilikuwa nini?” alikuwa akijiuliza akikatakata vitunguu. “Zilikuwa nini?” akitandika kitanda. Azniv alilisikia swali lile kila siku, na kila siku alijua ni nani aliyelisababisha.

Karatasi ile ilikuwa nyembamba mno, na waliiacha hadi mikono ya Azniv ilipozoea vya kutosha. Iliachia tarehe 6 Januari 1963, siku ya Krismasi yetu Waarmenia, baada ya kanisa. Azniv aligeuza upande wa pili akasoma herufi kwa herufi, na Bi Makruhi akatafsiri kwa sauti.

“‘Zilikuwa chungu,’” alisema. “Endelea, mwanangu.”

Azniv akaendelea.

“‘Lakini tulizila zote, maana zilitoka mkononi mwako.’”

Bi Makruhi aliichukua ile barua akaiweka kifuani. Halafu akasema, “Chungu! Yeye alijua lini kupika?” na akambusu mkwe wake kichwani. Mtoto wa kwanza wa Azniv alipozaliwa mwaka huo huo, mama na bibi hawakubishana juu ya jina. Aliitwa Osanna.

Baada ya hapo albamu haikubandikwa tena. Azniv alikata pembe ndogo za karatasi ngumu, akachomeka kila picha kwa pembe nne ili itoke, igeuzwe, irudi. Majirani walianza kumletea picha zao, naye kabla hajazisifia alizigeuza. “Mtoto mzuri,” alikuwa akisema, “lakini hana jina. Ni wa nani huyu? Lete penseli.” Wakati wa vita alishuka na albamu chini ya jengo, akiwa amesahau juu chakula cha mume wake na meno yake ya bandia. Nazaret aliishi kwa supu siku mbili na hakumlaumu, au alimlaumu lakini bila meno hakuna aliyemwelewa.

Binti yake Osanna alipokuja kutoka Montreal kiangazi kimoja, aliomba agawiwe nusu ya albamu aende nayo.

“Nusu ipi?” mama yake alimwuliza. “Ya nyuso au ya migongo?”

Albamu ilibaki Burj Hammud, nzima.

Picha moja tu haikufunguliwa kamwe. Ni ya mama yake Bi Makruhi, ameketi kwenye kiti cha studio mjini Aintab, na Makruhi mwenyewe mdogo amesimama ubavuni na kola nyeupe. Ni picha pekee ya mama huyo duniani. Mgongoni aliandika maneno kwa mkono wake, kwa wino; Bi Makruhi alikumbuka hadi uzeeni jinsi mama yake alivyopuliza wino ukauke. Yalisema nini hakuwahi kusomewa. Azniv aliweka birika motoni kwa ajili ya picha ile mara nyingi, na kila mara Bi Makruhi alilitoa. “Ukinifungulia, maneno yatakimbia,” alisema. “Nikijua yapo, yananitosha.” Alifariki mwaka 1974 akisema yanamtosha. Azniv hakumwamini. Kati ya yote aliyoyarekebisha, hilo ndilo lililombakia, na lilimuuma maisha yake yote.

Mume wake mpendwa Nazaret alifariki mwaka 1998. Azniv aliendelea kuishi chumba kile kile, na mlipuko wa bandarini ulipovunja vioo vyote vya nyumba Agosti 2020, albamu ilikutwa chini ya godoro, na yeye juu ya godoro, akiuliza kama kuna mtu aliyeumia.

Moyo wake ulianza kuchoka mwezi Novemba mwaka jana. Alihudumiwa nyumbani na mwanawe Manuel, mkwewe Hilda na mjukuu wake Talar, ambaye sasa anausoma wasifu huu. Wiki ya mwisho Talar alimwambia kwamba siku hizi wapo mafundi wenye mashine za kusoma maandishi bila kubandua kitu. Picha ya mama wa Bi Makruhi ingepelekwa kwao na kurudi salama.

“Wewe,” Bibi alisema, “mimi naenda kwa mwenyewe aliyeandika, unanipa habari za mashine?”

“Na sisi tutajuaje, Bibi?”

“Nanyi mtakuja, kila mtu kwa zamu yake. Msiharakishe.” Kisha akafumba macho, akaongeza, “Nitasoma mimi. Makruhi atatafsiri.”

Alifariki asubuhi ya Jumanne, tarehe 11 Machi 2025, akiwa na umri wa miaka themanini na tisa. Tunamlaza leo kaburi moja na Nazaret na Bi Makruhi, kama alivyoagiza.

Ameacha binti yake Osanna, Montreal. Mwanawe Manuel na mkwewe Hilda, Burj Hammud. Wajukuu Talar, Vicken na Sevag. Na kitukuu mmoja, Makruhi, ambaye shuleni kwake Montreal wanamwita Maki, na ambaye wiki hii ameandika jina lake lote kwa penseli nyuma ya picha yake na kuituma.

Familia inawaomba wote mliofika mgeuze kijitabu hiki. Mbele kuna uso wake. Nyuma tumeacha patupu, kwa agizo lake. Penseli zimo kwenye kikapu mlangoni. Andikeni majina yenu na mahali mlipojuana naye, na asiyejua kuandika aketi na anayejua. Vijitabu vitaingia kwenye albamu kwa pembe za karatasi. Havitabandikwa.

Mungu aiangazie roho yake. Apumzike kwa amani Azniv, binti wa Boghos na Shushan, mke wa Nazaret, mkwe wa Makruhi. Saa hizi wawili hao wameshaugeuza ule mgongo, na mmoja anamwambia mwenzake arudie.